Kwao Marehemu ni Wapi?

Ipo methali ambayo wazee wa Upare, sawa na wazee wa pwani, huitoa kila msiba unapoingia mtaani: mkataa kwao mtumwa. Hutolewa mapema, aghalabu kabla maiti hajaoshwa, na ikishatolewa mjadala umefungwa. Lori hutafutwa, sanduku huagizwa, na mtu aliyeishi Same mjini miaka 30 hupandishwa mlimani akazikwe mahali ambapo nusu ya waliomlilia hawapajui na nusu ya pili hawapawezi. Makala haya yanaipinga desturi hiyo. Siipingi kwa kuwa naitweza milima, maana mimi ni mtoto wa milima hiyo. Naipinga kwa kuwa inamnyang'anya marehemu watu wake, kisha inajisifu kuwa imemrudisha kwa watu wake.

Msomaji wa visiwani, aliyezoea kuona maiti akiswaliwa na kuzikwa kabla siku haijageuka, hapana budi aelezwe kwanza namna misiba yetu inavyosafiri. Same ni mji wa tambarare kavu chini ya Milima ya Pare, kwenye barabara kuu iendayo Moshi na Arusha, na kando ya reli iliyotoka Tanga ikafika Moshi mwaka 1911. Mvua huishia mlimani; mji huachiwa vumbi na upepo. Huko juu ndiko iliko migomba, ndiva zinazokusanya maji ya mashamba, na misitu inayopanda hadi kilele cha Shengena, mita 2,463 juu ya usawa wa bahari. Huku chini ndiko kuliko ofisi, soko, stendi na hospitali. Mkaazi wa mjini akiulizwa kwao atataja Mbaga, Chome, Suji, Gonja, Mamba au Vudee. Mwanawe aliyezaliwa mjini, ambaye huko juu amefika mara tatu tu na mara zote kwa ajili ya mazishi, naye atataja huko huko. Njia za kupanda ni za udongo na kona, na masika huzigeuza utelezi. Kwa yule aliyefia Dar es Salaam, kabla ya kupanda kuna zaidi ya kilomita 400 za kusafiri.

Kazi yangu ni maneno. Nimekuwa mfasiri kwa miaka mingi, nikijifundisha mwenyewe kwa taa na kamusi, na miongoni mwa maneno yaliyonishinda ni hili hili ambalo methali imelibeba: kwao. Tazama linavyofanya kazi. Nyumba ya mtu mmoja ni kwake. Lakini tukitaka kutaja mahali anapotoka na anapostahili, hata akiwa mtu mmoja tu, hatusemi kwake, twasema kwao. Naye mwenyewe akijibu hasemi kwangu, husema kwetu. Lugha yetu imekataa katakata kumpa mtu asili ya peke yake. Asili ni ya wengi. Mtu ana kwao kwa sababu ana wao. Basi swali la haki mbele ya maiti si mlima upi wala kijiji kipi. Swali ni hili: hao wenye huyo "kwao" ni akina nani?

Wanaopandisha maiti hujibu upesi: ni ukoo. Mimi nasema ukoo ni sehemu ya jibu, wala si jibu zima, na mara nyingine si sehemu iliyo kubwa. Nitatoa kisa kimoja bila kutaja majina, kwa kuwa wahusika wangali hai na si wao ninaowashitaki.

Katika mtaa wetu alikuwapo mama mshonaji. Cherehani yake ilikaa barazani, na kwa miaka mingi alishona sare za watoto wa shule na kuwakatia watu sanda bila kuuliza marehemu alisali wapi. Yeye mwenyewe alikuwa Msabato. Alipougua, aliyemuuguza miaka miwili alikuwa ajuza Mwislamu wa nyumba ya pili: alimwogesha, alimlisha, alikesha naye. Akafa siku ya Alhamisi. Ukoo ukateremka kutoka mlimani, watu wema, wenye huzuni ya kweli, na usiku ule ule wakapanga: Ijumaa safari, Jumamosi hapazikwi kwa ajili ya Sabato, Jumapili mazishi. Yule ajuza, ambaye miguu yake haimfikishi hata sokoni, aliomba jambo moja tu, kwamba rafiki yake azikwe kwenye makaburi ya mji ili apate kumzuru. Mzee wa ukoo akamjibu kwa upole: "Bibi, tunakushukuru mno, lakini wewe ni jirani tu. Sisi ndio ndugu."

Jirani tu! Hilo "tu" ndilo lililonishikisha kalamu. Miaka miwili ya kukesha ikafutwa kwa silabi moja. Majirani waliopika, waliochota maji, waliotandika mikeka na kutoa rambirambi, waliambiwa kwamba kazi yao imekwisha mlangoni pa lori. Lilipanda lori moja, wakapanda waliopata nafasi. Deni la safari na la chakula cha mlimani lilibaki, likalipwa kwa kuuza cherehani ambayo binti wa marehemu alikwisha kujifunzia kazi. Ukoo ulipata kaburi. Binti alipoteza riziki, na ajuza alipoteza hata mahali pa kusimama akamwombea rafiki yake.

Wenye kutetea desturi hii wana hoja, na ni haki tuzipime moja baada ya moja.

Hoja ya kwanza ni mila. Huambiwa kwamba tangu babu na babu Mpare huzikwa kwao. Lakini mila ipi? Upande wa kaskazini, Usangi na Ugweno, koo zilikuwa na misitu yao mitakatifu iliyoitwa mpungi, na mafuvu ya wazee yalifukuliwa baada ya muda, yakahifadhiwa huko kwa heshima na matambiko. Kwa mila hiyo kaburi lilikuwa kituo cha njiani. Kilichohesabiwa ni nani anayelitunza fuvu na kuliita kwa jina. Kaburi la saruji na vigae, lenye picha na tarehe, halikuwamo katika mila hiyo. Wala halikuwamo lori, wala jokofu la kuhifadhia maiti akisubiri michango. Wapare waliokufa katika mashamba ya katani, na wale waliokufa katika vita ya 1914 hadi 1918, walizikwa pale walipoangukia, na hakuna aliyesema kwamba wamekuwa watumwa. Desturi tunayoitetea leo kwa jina la mababu ina umri wa injini ya dizeli. Si dhambi desturi kuwa changa. Lakini isivae kanzu ya babu ikadai kupishwa njia.

Na kwa kuwa limetajwa neno mtumwa, na kwa kuwa naandikia wasomaji wa Zanzibar, ambako soko la watumwa lilifungwa mwaka 1873, tuulizane: mtumwa alikuwa nani? Alikuwa mtu aliyechukuliwa bila kuulizwa, akapelekwa mahali asipojulikana na yeyote. Misafara ilipita chini ya milima yetu, kwenye kijiji kinachoitwa Kisiwani ingawa hakina bahari, na watu wa huko wanajua maana ya kuchukuliwa. Sasa nani anayefanana zaidi na aliyechukuliwa: yule anayelala karibu na waliomuuguza, au yule aliyepakiwa usiku kwa amri ya watu aliowaona mara moja kwa mwaka? Methali ni ya kweli. Tumeisoma kinyume.

Hoja ya pili ni dini, na hapa ndipo ninapostaajabu zaidi, kwa sababu hakuna dini hata moja katika zile tulizo nazo Upare inayoidai safari hii. Uislamu huhimiza maiti azikwe haraka, na wanazuoni wengi wameona si vyema kumhamisha kutoka mji aliofia pasipo sababu. Wasabato, ambao kituo chao cha kwanza katika nchi hii kilifunguliwa Giti, Upare ya Kusini, mwaka 1903, hufundisha kwamba wafu wamelala na hawajui neno lolote hadi ufufuo. Aliyelala pasipo kujua lolote atadhurikaje kwa kulala tambarare? Walutheri na Wakatoliki nao hawajapata kufundisha kwamba ufufuo huanzia mwinuko fulani.

Huletwa mfano wa Yusufu, ambaye mifupa yake ilitolewa Misri. Naam, ilitolewa, lakini baada ya vizazi, na ilibebwa na taifa zima lililokuwa likihama. Haikubebwa na kamati ya michango. Na aliyeitoa, Musa, alizikwa bondeni katika nchi ya Moabu, na Maandiko yenyewe yasema kaburi lake halijulikani. Je, Musa alikosa kwao? Tumwendee Mtume Muhammad (S.A.W.). Alizaliwa Makka, na Makka ilimrudia mkononi mwaka 630. Alipofariki mwaka 632 hakurudishwa Makka kwa mababu zake wa Kikureshi. Alizikwa Madina, katika nyumba yake, miongoni mwa watu waliompokea alipofukuzwa. Hao hawakuwa ukoo wake. Walikuwa majirani, na historia ikawapa jina la heshima, Ansari, wasaidizi. Hakuna aliyewaambia, "Ninyi ni majirani tu."

Tena tazameni dini zenyewe zilivyofanya. Misheni za kwanza zilijengwa juu: Walutheri wa Leipzig walianzia Shigatini, wakafika Mbaga, Wasabato walikaa Giti. Leo Dayosisi ya Pare ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri ina makao yake Same mjini. Jimbo Katoliki la Same, lililopewa hadhi hiyo mwaka 1977, lina kanisa lake kuu mjini humo humo. Dini zimeteremka tambarare. Maiti ndiye pekee anayepandishwa. Askofu anaweza kuwa na kiti chake mjini, lakini fundi cherehani haruhusiwi kuwa na kaburi lake huko.

Mzanzibari hahitaji kwenda mbali kupata ushahidi. Mzee Ali Hassan Mwinyi, Rais wa pili wa Jamhuri ya Muungano, alizaliwa Kivure, katika Mkoa wa Pwani, mwaka 1925, akaletwa Unguja angali mtoto. Alipofariki Dar es Salaam tarehe 29 Februari 2024, alivushwa bahari akazikwa Mangapwani. Ikiwa kwao mtu ni mahali kilipozikwa kitovu chake, basi kosa kubwa lilitendeka mbele ya macho ya taifa. Halikutendeka kosa lolote. Kisiwa kilichomlea ndicho kilichompokea, na kila mtu aliona ni sawa. Linalokubalika kwa Rais, kwa nini likataliwe kwa mshonaji?

Wala tusidhani kwamba ukoo ukishinda, amani hupatikana. Kenya iliona hayo kwa wakili S. M. Otieno, aliyefariki Nairobi tarehe 20 Desemba 1986. Mjane wake, Wambui, alitaka kumzika karibu na Nairobi, akishika aliyoyasema marehemu alipokuwa hai; ukoo wa Umira Kager ulimdai azikwe Nyalgunga, Siaya. Mahakama ziliupa ukoo ushindi, na mazishi yakafanyika tarehe 23 Mei 1987, baada ya miezi mitano ya mwili kusubiri. Mjane hakuhudhuria. Hukumu inaweza kusema maiti ni wa nani, lakini haiwezi kumlazimisha mtu kulia pale ambapo hakutaka kumlaza mpenzi wake.

Hoja ya tatu husemwa kwa sauti ya chini, nami naiheshimu kuliko zote kwa kuwa ndiyo ya kweli: ardhi. Mlimani mashamba ni haba, na kaburi ni ushahidi. Penye kaburi la baba yangu hapana mtu wa kunihamisha. Mwenye kuacha kuzika mlimani, yasemekana, wanawe watapoteza kiamba. Naam, hofu hii ina msingi. Lakini basi tuiseme waziwazi. Tusimsimamishe mchungaji wala sheikh kuombea jambo ambalo kwa hakika ni mpaka wa shamba. Na kama ni shamba, ziko njia za kulilinda ambazo hazimfanyi maiti kuwa jiwe la mpaka. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inatoa hati ya hakimiliki ya kimila, na sheria hiyo hiyo inabatilisha mila inayomnyima mwanamke haki ya ardhi. Kaburi halina ulinzi wa milele: tangu 1969 ipo sheria ya kuhamisha makaburi pale ardhi inapotakiwa kwa manufaa ya umma. Anayewapenda watoto wake awaandikie hati. Asiwaachie mifupa iwe wakili wao.

Iko hoja ya nne, nayo huniuma kwa kuwa ni aibu yetu sote. Husemwa: "Utamzikaje mzazi wako katika makaburi ya mji, penye mbuzi na taka, ambako baada ya miaka michache hulioni tena kaburi lake?" Ni kweli, makaburi ya miji yetu mingi yametupwa. Lakini sababu ni ipi? Yametupwa kwa kuwa kila mwenye sauti huwapeleka wafu wake kwingine. Wanaobaki ni mgeni asiye na jamaa, mtoto mchanga, na maskini aliyeshindikana kubebwa. Nani atawapigia kelele hao mbele ya halmashauri? Siku mkurugenzi, mwalimu mkuu, mzee wa kanisa na imamu watakapokuwa na mama zao pale, uzio utajengwa kabla ya mwezi kwisha. Tunayakimbia makaburi kwa ubovu ambao kukimbia kwetu ndiko kulikouleta.

Nasema haya nikijua kwamba mlima nao una maiti wake wa haki. Novemba 2009 mlima ulipoporomoka Goha, katika Mamba, ukazika watu zaidi ya 20, hapakuwa na swali wazikwe wapi: waliishi pale, walilizwa pale. Na hilo ndilo ninalolidai kwa mji: aliyeishi mahali, akapendwa mahali, na alale mahali hapo bila kuombewa ruhusa. Meli ya MV Bukoba ilipozama tarehe 21 Mei 1996, wengi wa waliopotea walizikwa pamoja Igoma, Mwanza, Waislamu na Wakristo, wa makabila mbalimbali. Msiba ulitulazimisha siku ile kufanya tulilokataa kulifanya kwa hiari.

Watu wa Same wana sababu yao wenyewe ya kujua kwamba tambarare si ugenini. Januari 1945, katika upinzani dhidi ya kodi iliyoitwa mbiru, maelfu ya watu waliteremka kutoka himaya zote za Upare wakaja kukaa Same, mbele ya ofisi ya serikali ya kikoloni. Hawakuja kwa koo zao. Alikuwapo mtu wa Usangi na mtu wa Mamba, mwenye msikiti na mwenye kanisa, wakakaa chini pamoja na kulala nje, na mgogoro ule haukwisha hadi miaka miwili baadaye. Kabla ya hapo kulikuwa na himaya tisa zilizogawanywa na mabonde. Waliokaa pale vumbini waliweza kusema "sisi" kwa maana pana kuliko ukoo. Ikiwa wazee wetu walikuwa na kwao pa pamoja, palikuwa hapa hapa tambarare, ambapo wajukuu wao wanapaita mahali pa kupanga tu.

Basi ninadai nini? Kwanza, mtu aulizwe angali hai, mbele ya mashahidi, na majirani wawe miongoni mwao. Na akishasema, kauli yake isifutwe na kikao cha usiku mmoja. Pili, rambirambi ziwe za wafiwa. Chango lililotolewa kwa ajili ya yatima lisigeuzwe nauli. Ukoo unaotaka kusafirisha usafirishe kwa mfuko wake, wala cherehani ya mtu isiuzwe kwa ajili hiyo. Tatu, misikiti, makanisa na halmashauri wakae pamoja juu ya jambo hili moja: makaburi ya mji yapimwe, yawekwe uzio, yapandwe miti, na majina ya wanaolala humo yaandikwe katika daftari linalosomeka. Kama viongozi wa dini wameweza kugombania kipaza sauti msibani, kila mmoja akitaka kuhubiri zaidi ya mwenziwe, watashindwaje kugawana jembe?

Najua nitajibiwa kwamba maneno haya ni ya mtu aliyepoteza asili. Wenye kunijibu hivyo wanionyeshe kwanza asili inayofundisha kumfukuza aliyekesha na mgonjwa. Mimi sijaiona, si katika Chasu, si katika Kiswahili, wala katika vitabu vya dini nilivyopata kuvifasiri. Nilichokiona ni ajuza anayeketi barazani akitazama mlima asioweza kuupanda, kwa kuwa tulimwambia kwamba "wao" ni neno lisilomhusu. Mpaka tutakapolirekebisha hilo, Same itabaki mji wa wapangaji: walio hai wakilipa kodi kwa mwezi, na waliokufa wakihamishwa siku ya tatu.